Njugu zilizokataliwa Namanga

Barua za mwezi huu zimenijia kama zimekubaliana. Watu wanauziana mazao kwa simu na Mkenya, na Mrundi, na Mkongo, wote wanaongea Kiswahili, halafu mwisho wanaitana matapeli. Kabla sijaanza kujibu barua hizi nilikaa miaka kumi na miwili kwenye mizani pale soko la nafaka la Kibaigwa, na ugomvi wa namna hii nimeuona mpaka watu wakashikana mashati. Unaniuma. Leo ukurasa wote nimeuachia huo.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mkulima wilaya ya Chamwino. Mwezi wa saba binamu yangu aliyeko Arusha aliniunganisha na mnunuzi wa Thika, Kenya. Akasema anataka njugu, gunia tano, kavu, safi. Alituma kianzio. Nikakusanya kwangu na kwa majirani, nikapepeta, nikapakia. Gari lilipofika Namanga akafungua gunia moja, akanipigia simu anafoka kwamba nimemletea maharage. Mzigo ameukataa, anataka pesa yake. Mume wangu anasema Wakenya ndivyo walivyo. Mimi sijawahi kumdanganya mtu maishani. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Hujamdanganya, na yeye hajakudanganya. Nina hakika hiyo kwa sababu ya neno moja kwenye barua yako: njugu.

Hapa kwetu Dodoma mtu akisema njugu, ninaona njugu mawe. Punje ya mviringo, ngumu kama kokoto, nyingine rangi ya maziwa, nyingine nyekundu, nyingine nyeusi, ina kidoa cheupe pale iliposhikana na ganda. Ganda moja mara nyingi punje moja. Mbichi tunazichemsha na maganda yake na chumvi, na kavu usipozilowesha usiku kucha utamaliza kuni. Sasa nenda Thika useme njugu. Mtu anaona karanga! Zile za kukaanga, zinazouzwa barabarani zimefungwa kwenye vikaratasi. Alipofungua gunia lako alitegemea karanga, akakuta vitu vya mviringo vigumu, akasema maharage. Ningekuwa yeye na mimi ningeshtuka.

Wala hakukosea Kiswahili, mweleze mumeo. Kiswahili cha wazee kina njugu mawe na kina njugu nyasa, na njugu nyasa ndizo karanga. Zote mbili huzaa chini ya udongo, ndiyo maana zikapewa jina la ukoo mmoja, ingawa njugu mawe ni za Afrika hii hii na karanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Baadaye kila upande ukafupisha kivyake. Sisi tukisema njugu tumebaki na mawe, wao wamebaki na nyasa. Neno ni lile lile, na hapo ndipo penye shida. Angekuuliza kwa Kiingereza ungemtafuta mtu akutafsirie. Kwa kuwa ameuliza kwa lugha yako, hukuona cha kutafsiri.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Alikuja Mkenya mmoja Kibaigwa anatafuta ndengu. Nikasikia dengu, nikamwambia zipo, njoo kesho asubuhi. Nikamtafutia gunia tatu za dengu nzuri, zile zenye ncha kama mdomo wa kifaranga. Akachota kiganjani, akazitazama, akazirudisha polepole ndani ya gunia, akaniambia, "Mama, hizi sizo." Alikuwa anataka choroko. Kwao choroko ndiyo ndengu, zile za kijani wanazokula na chapati. Yule baba hakufoka. Aliniomba nimpeleke ghalani akaonyeshe kwa kidole, na kumbe choroko zilikuwepo, tulikuwa tumezipita mlangoni. Tangu siku ile mnunuzi yeyote wa mbali ninamwambia: nitajie, kisha nionyeshe.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie, usimwandikie, kwa sababu sauti ina upole ambao maandishi hayana. Mwambie: "Kumbe wewe ulitaka karanga, mimi nimekuletea njugu mawe, kwetu hizo ndizo njugu." Kianzio mrudishie. Gharama ya gari muombe mgawane nusu kwa nusu, maana wewe hukuonyesha na yeye hakuuliza. Mzigo usikimbilie kuurudisha Chamwino. Binamu yako aulizie Arusha kwanza. Hata huyo wa Thika muulize kama anafahamiana na wafanyabiashara wa Kakamega au Busia, maana huko njugu mawe wanazilima na wanazila. Na mzigo ujao, kabla hujashona gunia, piga picha ya punje kiganjani mwako, na ganda moja umelipasua. Picha moja ya karibu inatosha.

Na mbegu nyingine za kuangalia: ulezi wetu Wakenya wanauita wimbi. Mbaazi ni mbaazi kote, hapo lala usingizi.

*Mama, mimi ni kijana wa Kongwa. Mkenya aliniuliza mahindi, nikamwambia ataje bei. Akasema elfu nne kwa gunia. Nilimtukana, Mama, kwa sababu niliona ananidharau. Sasa rafiki yangu anasema nimepoteza mteja. Ni kweli?*

Ni kweli, mwanangu. Alikuwa anakutajia shilingi za Kenya.

Chukua kalamu. Shilingi moja ya Kenya kwa miaka hii ya karibuni imekuwa ikipanda na kushuka kati ya takriban shilingi 16 na 21 za kwetu. Tuseme siku ile ilikuwa 19. Elfu nne mara 19 ni 76,000. Halafu kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui: gunia la mahindi Kenya huhesabiwa kilo 90, la kwetu kilo 100. Ukigawa 76,000 kwa 90 unapata kama 844 kwa kilo, na gunia lako la kilo 100 lingekuletea 84,000 na ushee. Ungeweza kukataa, hiyo ni haki yako, lakini hiyo si bei ya kumtukania mtu.

Hili la shilingi lina historia yake. Mpaka miaka ya sitini Tanganyika, Kenya na Uganda tulikuwa na shilingi moja, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa ya kwake, na mwanzoni zilikuwa na thamani sawa. Zikaachana njiani, jina likabaki lile lile. Kwa hiyo usikubali mtu aseme "shilingi" tu, wala "elfu" tu. Bei itajwe kwa kilo, na pesa itajwe nchi yake. Tazama na namba ya simu kabla hujajibu: 255 ni ya kwetu, 254 ni Kenya, 256 Uganda, 257 Burundi, 243 Kongo.

Kumwomba radhi hakutakupunguzia kitu. Anza na neno "samahani kaka, nilihesabu kwa pesa ya kwetu." Mfanyabiashara atakuelewa hata kabla hujamaliza sentensi.

*Mama, nina gesti ndogo hapa Dodoma mjini. Mgeni wa Nairobi aliniandikia: "Nitachukua chumba. Tuma picha. Nafika kesho saa 8." Hakuna salamu, hakuna naomba. Nikavumilia. Kesho yake saa mbili asubuhi yuko mlangoni na begi, ametoka Arusha na basi la usiku, na chumba bado kina mtu. Akakasirika, na mimi nikakasirika. Ninatamani nisipokee tena watu wa huko.*

Usifike huko, mdogo wangu. Mambo mawili yamechanganyika, tuyatenganishe.

La saa ni jepesi. Yule mgeni akiongea na wewe uso kwa uso atasema saa mbili asubuhi kama wewe. Lakini akishika simu, kioo kinamwonyesha 8:00, naye anaandika 8 kama anavyoiona. Wewe unasoma saa nane, unajua ni baada ya chakula cha mchana. Ni zile saa sita tunazotofautiana na kioo cha simu, kwa sababu sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Mgeni akikuandikia tarakimu, mrudishie kwa maneno na wakati wake: "Saa mbili asubuhi au saa nane mchana?" Hata kama unaona unajua jibu.

La salamu ni zito zaidi, na ninaomba unisikilize. Sisi tumelelewa kwamba ombi bila "naomba" ni amri. Mgogo mzee ukimpita bila salamu ya "mbukwenyi" na habari za nyumbani atakusimulia mwaka mzima. Kenya, hasa bara, "nipe" na "tuma" havina makali hayo. Mtu anakwambia "nipe maji" huku anatabasamu, na ameshukuru moyoni. Anaona kufika moja kwa moja kwenye jambo ni kukuheshimu, hakupotezei muda. Na sisi pia tunawaumiza bila kujua. Mtanzania akisema "tutaona" au "nitajitahidi", wewe na mimi tunajua ameshakataa. Mkenya anasubiri! Wapo waliokaa Kibaigwa siku mbili wanasubiri gari kwa sababu ya "tutaona" ya mtu, nami niliona aibu kwa niaba ya wenzangu.

Kwa hiyo ujumbe mkavu ukija, ujibu kwa adabu yako mwenyewe: karibu sana, habari za safari, chumba kipo. Usimfundishe. Wengi wakishaonja wanaanza kukujibu hivyo hivyo. Na mtu akifika mapema, mpe kiti kivulini na chai ya rangi wakati unatandika.

*Mimi ni wa Singida, nakamua alizeti. Mtu wa Goma, Kongo, kaniandikia anataka mafuta tani 1,500, na nimpigie 14h. Tani elfu moja na mia tano nitazitoa wapi? Nimjibu hapana?*

Usimjibu hapana! Huyo amesoma kwa Kifaransa, na kwenye Kifaransa mkato ndio unaotenga nusu na robo. Tani 1,500 yake ni tani moja na nusu, yaani kilo 1,500. Hiyo 14h ni saa nane mchana, lakini ya kwake, na Goma wako nyuma yetu kwa saa moja. Mpigie saa tisa ya Singida. Kwanza mrudishie kwa maneno, "kilo elfu moja na mia tano, ndiyo?", kisha muulize kama anataka ya madumu au ya mapipa.