Kabla hujapokea rungu, jina lako liandikwe

Wadau, nimekaa ulinzi shirikishi, yaani wakazi kulinda mtaa wao usiku wakishirikiana na polisi, miaka minne hapa mtaani kwetu Dar na nataka niongee na vijana wanaotaka kuingia, maana naona wengi wanaingia kichwakichwa.

Usipokee rungu na filimbi kabla jina lako halijaandikwa ofisi ya serikali ya mtaa na polisi kata akakujua kwa sura. Mwenzetu alipigwa panga mkononi saa tisa usiku tukiwa lindo, tukampakia bodaboda kwenda kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, damu inachuruzika mpaka kwenye ndala zangu, kufika tunaulizwa huyu nani, kwenye orodha hayumo. Matibabu tulichangishana, mke wake akawa anapita nyumba kwa nyumba na daftari. Inaniuma mpaka leo, yule mtu alikuwa anawalindia watu usingizi kwa ile 2,000 ya mwezi ambayo nusu ya nyumba hawatoi.

Ndo maana watu wakiongelea ulinzi shirikishi unaenda wapi, mimi siwazi sare wala redio. Polisi jamii imeanza 2006 enzi za mkuu wa polisi (IGP) Said Mwema, na sungusungu walishatambuliwa na sheria tangu 1989, kwa hiyo hili sio jambo geni, watu wapo na moyo wanao. Kinachotakiwa ni mafunzo, na bima ya afya kwa kila mlinzi aliyeandikwa. Hiyo isipokuwepo vijana waaminifu watachoka wataondoka, watabaki wale waliojipatia njia za kula hukohuko lindo.

Halafu mikono. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayefanya kosa mbele yake ila amkabidhi polisi bila kuchelewa, haijasema ampige. Kuna usiku watu walimshika kijana na mtungi wa gesi, mtu kashaleta tairi. Tulimsukumia ndani ya duka la Mangi tukafunga geti, tukasimama watatu mlangoni tunatukanwa mpaka difenda ya polisi ikafika, mimi miguu inatetemeka kabisa. Kesi ilienda mahakamani, mtungi ukarudi kwa mwenyewe. Sasa angechomwa pale, polisi wangeanza na sisi tuliokuwa zamu.

Kwa hiyo namba ya polisi kata na ya mwenyekiti ziwe kwenye simu yako, na simu iwe na chaji kabla hujatoka nyumbani.