Jibu: Tope la kromi na zinki halishiki na saruji

Ndugu, umeuliza kwa nini tope lako, yaani taka ya kiwanda cha kupaka metali kwa umeme, halishiki ukilichanganya na saruji ili metali zake zisivuje. Kama bado linabonyea kwa kidole siku ya saba, mshukiwa wa kwanza ni zinki, maana huchelewesha saruji kushika. Usimimine saruji zaidi kiholela. Kamua maji, kisha jaribu mafungu madogo ya gramu 500: saruji asilimia 10, 20 na 30 ya uzito wa tope.

Kromi ndiyo inayonitia wasiwasi. Maji ya njano ni dalili ya kromi ya valensi 6, aina yake yenye sumu kali (pima uhakikishe), na saruji peke yake haizuii vizuri kromi hiyo isivuje. Igeuze kwanza kuwa valensi 3, isiyo na sumu kali hivyo, kwa salfeti ya chuma ya valensi 2 (ferrous), ndipo uchanganye. Kama kiwandani kuna sayanidi, usitie asidi kabisa: gesi yake inaua.

Mchanganyiko ukishika na kuwa tofali gumu, bado si salama. Baada ya siku 28 lipondwe chini ya milimita 9.5, maabara iloweke vipande hivyo na kupima metali zinazotoka kuingia kwenye maji. pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya maji hayo ikipita 12, zinki, na madini ya risasi kama yamo, huyeyuka tena. Usilijengee, lipelekwe dampo la taka hatari kwa kibali cha mamlaka ya mazingira.