Bata mzinga wameacha pumba, wanashinda majanini

SWALI: Daktari, habari za kazi? Nafuga bata mzinga hapa Kisesa, wakubwa 14 na vifaranga 9 wa wiki ya tano. Tangu mvua zianze, wakubwa hawaigusi pumba ninayowawekea asubuhi. Wanashuka bondeni kula majani kutwa, wanafika hadi kwenye pamba ya jirani. Shemeji ananiambia niache kununua chakula, eti bata mzinga ni kama mbuzi. Je, ni kweli? Na vifaranga niwaachie waende na mama yao? Kuku wangu nao wanachunga huko huko.

JIBU: Salama, mama. Shemeji amesema kweli, ila nusu yake.

Bata mzinga mkubwa hula majani kuliko kuku, tena kwa namna yake. Kuku hufukua, bata mzinga hutembea. Waangalie saa moja asubuhi: kundi linasonga taratibu, kila mmoja anadonoa ncha za majani laini, anapiga hatua, anadonoa tena. Akikuta suke la nyasi hulibana kwa mdomo na kulivuta mpaka mbegu zibaki kinywani. Panzi akiruka, majani husahaulika. Jua la utosini likiwaka wanajilaza kivulini, na kuanzia saa kumi wanarudi malishoni hadi giza liingie. Wenzako wa Igombe wana ziada: wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, upepo ukiwaleta nchi kavu, huwa karamu.

Basi acha kuwapa pumba asubuhi. Wafungulie wakiwa na njaa, chakula uwape jioni: mahindi yaliyoparazwa, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo. Watajifunza pia kurudi nyumbani mapema, na hilo peke yake litakuokoa na vicheche.

Kiasi utakijua kwa mkono. Jioni kabla ya kuwalisha, papasa gole, yaani kifuko cha chakula chini ya shingo. Likiwa limejaa na laini, majani yametosha kwa siku hiyo, wape kidogo tu. Papasa na mfupa wa kifua. Ukiuona umechongoka kama kisu, majani hayawatoshi, hata bonde liwe kijani namna gani. Asubuhi gole linatakiwa kuwa tupu. Likiwa bado gumu, bata huyo amekula nyasi ndefu zenye nyuzi zikajiviringisha humo, na jambo hilo hutokea zaidi kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba usitegemee malisho, nyasi zimekuwa makapi. Majike wanaotaga nao usiwapunje hata masika. Changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi wanajiokotea wenyewe, mawe ya Mwanza yanazitoa bure.

Vifaranga ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo shemeji anaweza kukutia hasara. Kifaranga wa bata mzinga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 26 hadi 28 katika wiki za mwanzo, kuliko hata kifaranga wa kuku. Huko porini Amerika ya Kaskazini, alikotoka ndege huyu, vifaranga huishi zaidi kwa wadudu. Majani hujaza tumbo lao dogo bila kuwajenga. Tena mvua zetu za alfajiri zinazotoka ziwani huacha nyasi zimelowa, na kifaranga akilowa anapata baridi na kufa. Wabakize bandani hadi wiki ya nane, uwakatie mchicha au matembele vipande vidogo juu ya chakula chao.

Lililonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni sentensi ya mwisho. Kuku hubeba vijidudu vya histomonasi wala usimwone akiumwa. Vijidudu hivyo hujificha ndani ya mayai ya minyoo ya kuku, yanadondoka na kinyesi, nyungunyungu huyameza, na bata mzinga anapookota nyungunyungu baada ya mvua amejiokotea kifo. Mayai hayo hukaa udongoni miaka. Nimepasua bata waliokufa hivi: ini lina mabaka ya duara kama sarafu. Dawa ya kutegemea sina ya kukupa, kwa hiyo tenganisha. Kuku wabaki uani, bata mzinga wapewe bonde, na malalo yao yasiwe banda lililowahi kuwa la kuku. Ukiona kinyesi cha rangi ya manjano ya kiberiti na bata ameyalegeza mabawa chini, mtenge siku hiyo hiyo na umwite afisa mifugo wa kata.

Kuhusu pamba, mwombe jirani akuambie siku anayopulizia dawa ya funza. Mdudu aliyekufa kwa sumu ndiye rahisi kuokotwa. Siku hizo wafungie, uwakatie majani.

Bonde lenyewe ligawe mafungu matatu, wakae wiki moja moja, kama wazee wa Usukuma wanavyofunga ngitili, yaani malisho ya akiba, ili ng'ombe wapate pa kula kiangazi. Uzio wa minyaa unatosha, mradi uwapunguze manyoya ya bawa moja, maana hawa wanaruka.