Hakuna wa Kukushikia Begi: Majibu kwa Mnaosafiri Peke Yenu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu safari ya aina moja: mtu mmoja, begi mgongoni, siku saba katika jiji kubwa asilolijua, mchana michezo, usiku muziki. Tumechagua sita. Mkisoma mtaona majibu yanarudi mahali pamoja. Anayesafiri na wenzake ana wa kubaki na begi akiingia uwanjani, wa kumwangalizia glasi akienda msalani, na wa kumwamsha asubuhi. Aliye peke yake kazi hizo huzigawia kufuli, karatasi, saa ya kengele na mpango.

SWALI: Nitakuwa huko Jumatatu hadi Jumapili. Nataka kukimbia, kucheza mpira, kukwea ukuta wa ndani, kutazama mechi moja na kutoka usiku mara tatu. Nianze na lipi? — Msafiri wa Jumatatu

JIBU: Panga usiku kwanza, michezo ifuate. Ukuta wa kukwea uko wazi kila siku, lakini usiku mkubwa wa muziki una siku zake, kwa kawaida mwisho wa juma. Wengi hufanya kinyume: hujaza asubuhi zote, kisha Ijumaa wanakesha na Jumamosi hawainuki.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Jumatatu fika, kimbia taratibu dakika 30 mchana, na katika mbio hizo pitia kituo cha basi la usiku ili ukione kukiwa na mwanga. Kama umevuka majira ya saa, kumbuka mwili huzoea takriban saa moja kwa siku, kwa hiyo siku mbili za kwanza usijitume kupita kiasi. Jumanne kwea ukuta, na jioni tafuta ukumbi mdogo wa bendi. Maonyesho ya namna hiyo mara nyingi huisha kabla ya usiku wa manane, na hiyo ndiyo mara yako ya kwanza kutoka usiku. Jumatano mpira. Maumivu ya misuli hayaji siku hiyo hiyo. Hukolea kati ya saa 24 na 72 baadaye, kwa hiyo Alhamisi miguu itakuwa mizito. Ogelea kidogo au usifanye kitu, kisha toka usiku. Ijumaa lala mpaka ushibe, jioni nenda kwenye mechi, rudi kitandani mapema. Jumamosi asubuhi kimbia, mchana lala dakika 90, usiku toka mara ya tatu. Jumapili usiahidi mtu chochote kabla ya adhuhuri.

Kwa nini tumeilinda Jumamosi asubuhi? Kwa sababu ya parkrun, mbio za kilomita 5 zinazofanyika bure kila wiki katika nchi nyingi. Zilianza Bushy Park, London, Oktoba 2004, na wakimbiaji 13. Hatujui njia rahisi kuliko hii ya mgeni kukimbia na wenyeji. Unajiandikisha mtandaoni mara moja tu, unapewa barkodi, na hiyo hiyo inakubalika popote. Wageni hukosea kwa kuisahau: utakimbia kama wengine, lakini muda wako hautaandikwa. Begi liache bwenini, maana pale watu hurundika vitu vyao tu chini ya mti.

Kuhusu pombe, hesabu yake ni nyepesi. Ini huondoa takriban kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa, yaani gramu 10 hivi za pombe halisi, na wala kahawa wala maji ya baridi hayaliharakishi. Ukinywa vinane kati ya saa 4 na saa 8 usiku, pombe inakutoka kama saa 12 alfajiri, na usingizi wa katikati unakuwa mwepesi na wa kukatika. Baada ya mpira kula kwanza, kunywa maji mpaka mkojo uwe wa manjano hafifu, ndipo uguse glasi.

SWALI: Begi la lita ngapi? Na viatu je? Nikiweka njumu, raba za kukimbilia na viatu vya usiku, begi limejaa. — Mzigo Mzito

JIBU: Lita 35 hadi 40 zinatosha, na begi la ukubwa huo mara nyingi hupita kama mzigo wa mkononi kwenye ndege, almuradi upime kilo, mashirika mengi huishia kati ya 7 na 10. Pawabenki iwe nawe ndani ya ndege, isiingie kwenye mzigo unaokabidhiwa. Ya mAh 10,000 ni kama wati-saa 37, mbali na kikomo cha kawaida cha 100.

Viatu viwe jozi mbili. Ya kwanza ni raba za kukimbilia, nawe uzivae safarini. Ya pili iwe raba nyeusi, nyembamba, za soli bapa ya mpira isiyoacha alama sakafuni. Hizo zinakubalika ukumbi wa ndani, zinafaa mpira wa sakafuni na wa nyasi bandia kavu, na mlangoni mwa klabu mlinzi akitazama chini haoni kiatu cha mazoezi. Njumu ziache nyumbani. Viwanja vingi vya nyasi bandia vya kukodi hukataza njumu za chuma, na zile ndefu za plastiki hung'ang'ania nyasi mguu ukigeuka, goti likapata shida. Viatu vya kukwea hukodishwa palepale.

Raba zikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa, uyabadilishe baada ya saa moja au mbili, kisha tena kabla ya kulala. Usiziweke juu ya kipasha joto: gundi inaachia na soli inakakamaa.

Kufuli hujauliza, lakini ndilo huwakwamisha watu siku ya kwanza. Makabati ya hosteli nyingi yana tundu tu, kufuli ni lako. Chukua lenye chuma cha milimita 5 au 6. Nene zaidi halipenyi. Liwe la namba, si la ufunguo, kwa sababu bukta ya kukimbilia haina mahali salama pa ufunguo.

SWALI: Simjui mtu yeyote huko. Nitachezaje mpira, na nani atanishikia kamba ukutani? — Peke Yangu

JIBU: Mpira wa watano au wa saba kwa upande huchezwa kila jioni katika viwanja vya kukodi, na timu hukosa mtu mmoja mara kwa mara. Tafuta programu au kundi la mtandaoni la wachezaji wa jiji hilo, jiandikishe siku moja kabla, na useme kiwango chako bila kujikweza. Nenda na fulana mbili, moja nyeupe na moja ya rangi iliyokolea. Timu hugawanywa kwa rangi dakika ile ile. Simu na kadi ziweke kwenye kimfuko kidogo nyuma ya nyavu za goli lenu, hapo mlinda mlango anapoweza kukiona. Ukijitolea kudaka dakika 10 za mwanzo, watakukaribisha tena.

Ukutani huhitaji wa kukushikia kamba. Kuna kuta fupi za kukwea bila kamba, mara nyingi mita 4 hivi, zenye magodoro mazito chini, na huo ndio mchezo unaomfaa mtu pweke kuliko mingine yote, kwani watu hukaa chini wakitazamana na kupeana mbinu. Kinachoumiza pale ni kuanguka vibaya. Tua kwa miguu yote miwili, magoti yakunje, kisha jiachie ubingirike mgongoni huku mikono umeikunja kifuani. Anayenyoosha mkono nyuma kujizuia ndiye anayevunjika kifundo cha mkono au kuteguka kiwiko. Kabla ya kurukia godoro, tazama: hakuna mtoto aliyepita, hakuna chupa ya maji? Pete itoe kidoleni.

Kumbi nyingine zina kuta ndefu zenye mashine ya kamba inayojivuta yenyewe. Ajali yake mbaya hutokea mtu anapopanda akiwa amesahau kujifunga. Shika kiungio, kivute mara mbili, ndipo uinue mguu.

SWALI: Mimi ni dada, nasafiri peke yangu na napenda kucheza muziki. Nawezaje kufurahia usiku bila kurudi mapema kwa hofu? — Mpenda Ngoma

JIBU: Dada, kufurahia usiku ni haki yako, na yote tunayokueleza hapa tungemweleza kaka yako pia.

Kabla ya kutoka, andika anwani ya malazi kwenye karatasi, kwa lugha ya mji huo, uiweke mbali na simu. Beba kadi moja ya benki, ya pili ibaki kabatini, na noti moja ya nauli chini ya soli ya kiatu. Uliza hosteli kitambulisho gani hukubalika milangoni. Baadhi hawapokei nakala wala picha ya simuni. Mtumie mtu wa nyumbani jina la ukumbi na saa utakayomwandikia. Fahamu treni ya mwisho ni saa ngapi na basi la usiku linapita wapi. Simu ikifika asilimia 20, acha kupiga picha.

Fika mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Keti kaunta, pembeni, mahali mhudumu anakuona: mazungumzo huanzia hapo, na mhudumu anayekukumbuka ndiye utakayemkimbilia mambo yakiharibika. Tazama kinywaji kikimiminwa, na chupa ishike kidole gumba kikiwa mdomoni mwake. Ukikiacha kwenda kucheza, basi kimekwisha, nunua kingine. Ukijiona umelewa kuliko ulivyokunywa, usitoke nje kutafuta hewa wala usikubali mgeni akusindikize. Mwambie mhudumu au mlinzi papo hapo kwamba unahisi umewekewa kitu, uitiwe gari la wagonjwa.

Kuna mtego mmoja wa miji mikubwa ambao humpata zaidi anayetembea peke yake. Mtu mchangamfu anakuita mtaani twende baa anayoijua, vinywaji vinakuja bila bei kutajwa, kisha bili inaletwa na wanaume wawili mlangoni. Dawa yake ni kuchagua baa wewe mwenyewe na kuomba orodha ya bei kabla ya kuketi.

Sasa masikio, jambo ambalo hakuna aliyetuandikia. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hupendekeza wafanyakazi wasizidi sauti ya desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Desibeli 100, ambazo klabu hufika kwa urahisi, ni dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka 100 hizo hizo kama wastani usiopaswa kuzidi katika kumbi. Nunua vizibo vya sponji. Kisokote kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma. Kisukume ndani, ukishikilie sekunde 20 hadi 30 kitanuke. Sema neno moja: sauti yako ikivuma ndani ya kichwa, kimekaa. Kikitokeza nusu nje, ni pambo tu. Hata kikipunguza desibeli 15 pekee, 100 zinakuwa 85, na dakika 15 zinageuka saa 8 za kucheza.

SWALI: Tiketi ya mechi ninunue wapi kama walanguzi wamezimaliza? — Shabiki

JIBU: Kwenye tovuti ya klabu yenyewe, na uirudie asubuhi ya mechi. Watu hununua viti viwiliviwili, hivyo vinabaki viti kimoja kimoja ambavyo familia haziwezi kuvitumia. Hapo upweke wako ni faida. Kwa mlanguzi usinunue. Tiketi nyingi sasa ni msimbo wa simuni unaobadilika, na picha yake haifungui geti. Usifunge safari kwa saa ya mechi moja pia, kwani televisheni huihamisha. Begi kubwa litakataliwa: viwanja vingi vina kikomo cha ukubwa wa karatasi ya A4, na katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, tangu 2013, begi sharti liwe la kuonekana ndani, lisizidi sentimita 30 kwa 15 kwa 30 hivi. Vaa rangi isiyo ya timu yoyote mpaka ujue umeketi upande gani.

SWALI: Nikirudi saa 9 usiku nitawaamsha watu nane bwenini. Nifanyeje? — Mstaarabu

JIBU: Omba kitanda cha chini. Kabla ya kutoka weka juu ya mto nguo za kulalia, mswaki, chupa ya maji na taulo, chaja ikiwa tayari ukutani. Mifuko ya plastiki inayochakarisha itoe kabisa kwenye begi, uweke ya kitambaa. Fulana ya jasho isugue kwenye sinki kwa sabuni kidogo, ikunje ndani ya taulo kavu, ikanyage kwa miguu mpaka taulo linyonye maji, uitundike upande wa miguu. Kama ni ya poliesta, asubuhi utaivaa.