Kabla ya kufunga baiskeli, tikisa nguzo

Baiskeli yangu ya kwanza ya maana iliibwa ikiwa imefungwa. Nilitoka kazini jioni, ufunguo mkononi, nikaikuta nguzo ya alama ya barabarani imelala chini na shimo lake lina udongo mbichi. Hakuna aliyekata kitu. Waling'oa nguzo, wakachomoa baiskeli kwa chini, wakaondoka nayo na kufuli lake, kufuli ambalo bei yake ilikuwa imeniuma wiki nzima.

Tangu hapo, kabla sijafunga popote, naishika nguzo kwa mikono miwili na kuitikisa. Ikicheza kidogo tu, naondoka. Natazama na juu: nguzo fupi isiyo na kitu kichwani haina maana, mtu ataiinua baiskeli na kuipitisha. Mti mchanga na uzio wa waya, sahau. Bora kuliko vyote ni lile bomba nene la chuma lililopindwa kama U iliyogeuzwa, miguu yake imezikwa kwenye zege. Baiskeli inaliegemea kwa fremu, nawe unapata pa kufungia. Vile vyuma vya kuchomeka gurudumu la mbele tu, aliyevibuni nadhani hakuwahi kumiliki baiskeli. Vinapinda ringi, na ukifunga gurudumu hilo peke yake, mwizi atalegeza nati akuachie gurudumu lako.

Kufuli nalo liwe la U, la chuma kigumu, lishike fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja. Libane, ukiacha nafasi kubwa ndani yake, mwizi ataingiza jeki alipanue. Lisiguse ardhi pia, maana ardhi inageuka kuwa fuawe la kupigia nyundo. Waya mwembamba utumie kwa gurudumu la mbele tu. Ukiutegemea peke yake, mkasi wa chuma unaumaliza kwa sekunde chache.

Kwa grinda, karibu kila kufuli hukatika. Unachonunua ni muda na kelele, ndiyo maana watu husema egesha penye watu wengi. Ni kweli, ila nusu. Siku moja kufuli langu lilikwama, nikaligonga kwa jiwe karibu robo saa mbele ya duka lenye foleni. Hakuna aliyeniuliza hata jina.

Kwa hiyo, kama kuna maegesho yenye mhudumu, lipia. Utrecht, Uholanzi, chini ya stesheni kuu kuna maegesho ya baiskeli 12,500 yaliyokamilika mwaka 2019. Wahudumu wapo, na saa 24 za kwanza ni bure. Wengi wetu hatuna anasa hiyo, lakini kazini kwako kuna mlinzi na pengine kuna nafasi chini ya ngazi. Mimi niliomba tu. Miaka yote nilikuwa nafunga nje kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Jambo la mwisho ni la dakika moja. Ipindue baiskeli yako, tazama chini pale pedali zinapoungana na fremu. Mara nyingi pana namba ya utambulisho imegongwa hapo. Futa grisi, ipige picha. Nilipokwenda polisi wakaniuliza namba hiyo, nikawaambia baiskeli ni ya bluu.