Wayahudi waliishije na Waislamu zamani?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Niko Ngamiani hapa Tanga. Juzi barazani tumebishana mpaka kashata zimeisha, mzee mmoja anasema Wayahudi wakikaa kwenye dola za Kiislamu raha mustarehe, kijana akamwambia thubutu mzee, waliteswa tu tangu mwanzo. Nani mkweli?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwanza mwulizeni kila mmoja anaongelea mji gani na mwaka gani, maana hiyo ni miaka elfu na ushee, toka Morocco mpaka Yemen. Kisheria Myahudi alikuwa dhimmi, yaani analindwa roho yake, mali na sinagogi lake, ndoa na mirathi wanaamuliana wenyewe, ila wanaume wazima walipe jizya, kodi ya wasio Waislamu, na kuna sehemu walikatazwa kupanda farasi au kuvaa kama Waislamu. Ulinzi upo ila usawa sahau, na huo ulinzi wenyewe ulitegemea nani amekalia kiti.

Mimi huwa nampa mtu stori ya Musa bin Maimun, yule mwanachuoni wa Kiyahudi, inatosha. Kazaliwa Cordoba, Hispania, mwaka 1138, bado mtoto Muwahidun, watawala wa Kiislamu kutoka Morocco, wakauteka mji 1148 wakaifuta dhimma, yaani ule ulinzi, ama usilimu ama uhame ama ufe, basi familia ikatangatanga weee mpaka Fez, mwisho wakafika Misri, na huko kwa Waislamu vilevile akawa tabibu wa jumba la Sultani Salahuddin na mkubwa wa Wayahudi wenzake! Mdogo wake Daudi, mfanyabiashara wa vito, akazama na mali ya watu Bahari ya Hindi, hiihii tunayoogea Raskazone.

Kwa hiyo kijana anayo Granada ya 1066, mji wa Hispania uliokuwa chini ya Waislamu, Wayahudi waliuawa kwa mkupuo. Mzee naye anayo 1492, Hispania ya Kikristo imewafukuza na Sultani Bayezid wa Pili wa Waosmani, dola ya Kiislamu ya Waturuki, akawapokea, na Uingereza ilishawatimua tangu 1290. Ila mzee asisahau Baghdad, Juni 1941 walivamiwa majumbani wakauawa zaidi ya mia, na ilipofika 1950 na 1951 wakahama Iraq zaidi ya laki moja.

Jizya yenyewe Waosmani waliifuta miaka ya 1850, halafu wakaleta kodi ya kutokwenda jeshini, kwa hiyo mfukoni sidhani kama mtu alisikia nafuu.