Kupimwa kiwanja sio kupimwa nyumba, usitoe hela kabla pembeni ya msingi hapajachimbwa

Mkuu subiri kwanza, hiyo advansi ya milioni 10 usiitume Ijumaa. Nimesoma uzi wako mara mbili, unasema umepata nyumba ya mwaka 1984 kijijini huko Kibaha, vyumba vinne, eka moja, milioni 45, unauliza kama bei iko sawa, kama hati ya kimila inatosha, kama bati lile la zamani ulitoe kabla hujahamia, halafu mwishoni kabisa kama kitu cha kupita njia unauliza kuna haja gani ya kumlipa injinia laki 8 wakati "nyumba imeshapimwa, na fundi wangu kaiangalia kasema iko poa". Hapo ndo nikaacha chai nikaanza kuandika, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2018 nikiwa nimesimama kwenye uwanja wa nyumba huko huko Pwani.

Kwanza hilo neno kupimwa. Kiwanja kimepimwa, yaani mpima ardhi kaja na mashine yake kaweka bikoni nne kwenye kona, anajua mpaka wako unaishia wapi. Hajaingia ndani. Hajui kama ukuta umesimama kwenye zege au kwenye udongo mtupu. Na wale mnaochukua mkopo benki mkaletewa mthamini, yule kazi yake ni kukadiria nyumba ina thamani ya shilingi ngapi ili benki ijue ikopeshe ngapi, naye hachimbi kitu. Dalali anayajua haya vizuri sana, akikwambia "bosi hii imepimwa kila kitu kiko sawa" anajua wewe kichwani umesikia nyumba nzima ni salama na yeye amesema kiwanja tu, na hatakusahihisha.

Mimi nilinunua kwa ajili ya mama. Alikuwa amepanga Tandika miaka mingi, kazeeka, anataka sehemu ya kufuga kuku na kupanda mchicha, na mimi naishi Tabata kwenye vyumba viwili na watoto watatu, nafasi hakuna. Nikapata nyumba milioni 32, nyeupe peee, imepakwa rangi juzi, plasta mpya, gipsamu mpya, taili sebuleni. Mwezi wa nane, kiangazi, ardhi imekauka, jua zuri, mama akakaa kibarazani akasema hapa napaona pangu. We ukisikia mama yako kasema hivyo utaanza kuulizia msingi?

Rafiki yangu mmoja aliniambia mchukue injinia wa majengo, siyo fundi, atakutoza laki 8 hivi. Nikaona laki 8 ya kuangalia ukuta ni wizi. Dalali akasema ana fundi mzuri wa hapo hapo kijijini, elfu 50 tu. Yule fundi alikuja na ndala, akagonga ukuta kama anabisha hodi, akatikisa mlango, akaangalia juu, dakika 15 kamaliza. "Bosi hii nyumba ni jiwe, enzi zile sementi ilikuwa sementi kweli." Nikamlipa nikamshukuru na soda nikamnunulia. Baadaye sana ndo nikaja kujua yule fundi ndiye aliyepiga ile plasta mpya mwezi mmoja kabla, yaani alichoniambia ni jiwe yeye mwenyewe ndo alikuwa ameziba nyufa zake kwa mkono wake, na dalali alikuwa anajua, na mwenye nyumba alikuwa anajua, watu watatu watu wazima wamesimama pale wananiangalia nahesabu hela za mama yangu. Mpaka leo nikipita pale stendi nikamwona yule dalali nabadilisha upande wa barabara kwa sababu najua mdomo wangu.

Masika ya 2019 ikaanza. Mwezi wa nne mama akanipigia mlango wa chumba cha nyuma haufungi. Nikasema mbao zimevimba kwa mvua, tutapiga randa. Nilipoenda nikakuta mlango ule ule ulishapigwa randa zamani, juu umekatwa mshazari kabisa, na siku ya kununua niliuona! Niliuona nikadhani ni ufundi mbaya wa seremala. Mkuu mlango uliokatwa mshazari maana yake fremu imeshapinda, na fremu haipindi yenyewe, kuna kitu chini kinatembea. Ufa ukatokea kwenye kona ya dirisha, ukashuka kwa ngazi ngazi kufuata viungo vya matofali mpaka chini. Nikaita fundi akaziba, 450,000. Kiangazi kikaja ukafunguka tena, safari hii kidole kinaingia. Fundi mwingine akasema hapa panataka nguzo nne za zege na mkanda juu, mwezi wa tisa nikatoa milioni 3.2. Injinia aliponieleza baadaye nilitaka kulia, maana zile nguzo zilikaa kwenye udongo ule ule unaocheza, sasa ukiwa na mzigo zaidi, na upande ule ukazidi kuzama.

Desemba 2019, mnakumbuka ile vuli ilivyonyesha, kipande cha gipsamu na mbao za kenchi vikashuka juu ya kitanda cha mama. Saa moja asubuhi. Alikuwa ameamka kwenda kufungulia kuku. Kuku ndo walimtoa kitandani.

Januari nikamchukua injinia, safari hii kwa laki 9. Nikuelezee alichofanya ili uone tofauti, maana nadhani hujawahi kuona mtu akikagua nyumba kweli, hata mimi nilikuwa sijawahi. Alikuja asubuhi akaondoka saa kumi jioni. Alianza na mpira wa maji, ule ule mafundi wanaotumia kuweka levo, akapima sakafu chumba kwa chumba, kutoka sebuleni mpaka chumba cha nyuma imeshuka sentimita 6. Kila ufa aliuwekea alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake, aone kama unaendelea. Akapanda darini na bisibisi anachoma mbao moja moja, nne zikaingia kama keki, mchwa wamekula ndani wameacha ganda tu la nje. Kwenye nguzo ya baraza akabandua zege lililovimba akanionyesha nondo zilivyoota kutu, akasema nondo ikishika kutu inanenepa na inalipasua zege kutokea ndani, na mchanga wenye chumvi ya bahari unaharakisha sana hiyo kitu.

Halafu akachimbisha mashimo matatu pembeni ya msingi, karibu mita moja na robo kila moja. Hapa ndo penyewe mkuu, yale mashimo ndo yalinipa jibu la kila kitu. Shimo la mbele, msingi wa mawe, umekaa vizuri, hauna shida. Shimo la nyuma, tofali mbili zimelazwa juu ya udongo, futi moja na nusu tu chini, hakuna zege. Kumbe nyumba ya asili ilikuwa vyumba viwili vya mbele, vya nyuma viliongezwa baadaye na wala havikufungwa na ukuta wa zamani, vimeegemezwa tu. Plasta na rangi vimefanya ionekane nyumba moja. Na ule udongo ni mfinyanzi mweusi unaovimba. Masika ukinyonya maji unavimba unanyanyua, kiangazi ukikauka unasinyaa na kupasuka unaangusha, na udongo wa nje ya ukuta unalowa na kukauka haraka kuliko ule ulio chini ya sakafu, kwa hiyo kingo za nyumba zinapanda na kushuka wakati katikati imetulia, kila mwaka, mara mbili. Tofali haipindi, inakatika. Udongo wa aina hii Kibaha upo maeneo mengi na wataalamu wanaujua, siyo siri, ni mimi tu sikumuuliza anayejua.

Nikamuuliza sasa mbona imesimama miaka yote hiyo? Maana hilo ndo lilikuwa neno la dalali, "nyumba imesimama miaka 30 itaanguka leo?" na nakuona na wewe umeliandika kwenye uzi wako. Akanionyesha kisiki. Kulikuwa na mwembe mkubwa kona ya nyuma, mwenye nyumba aliukata mwaka mmoja kabla ya kuuza ili eneo lionekane wazi. Ule mwembe ulikuwa unanyonya maji pale chini miaka yote, udongo umezoea kuwa mkavu. Ukikata mti, maji yanarudi, udongo unaanza kuvimba. Juu ya hapo akajenga choo cha ndani kipya ili bei ipande, karo lake la maji taka liko mita mbili kutoka kwenye ukuta na linavuja, na bati halina gata, maji yote ya mvua yanaanguka pale pale kwenye mguu wa ukuta. Yaani vile vitu vilivyonivutia mimi, eneo wazi na choo cha ndani, ndo vilikuwa vinaiua nyumba.

Hesabu yangu hii hapa. Vyumba vya nyuma vilivunjwa vyote, tukachimba mita moja na nusu, zege na nondo, tukajenga upya tukiacha nafasi kati ya jengo jipya na la zamani, tukahamisha karo, tukaweka gata na jamvi la zege la nje kuzunguka ili maji yakimbie, milioni 14.5. Mama nilimpangia chumba miezi saba kwa laki na ishirini kwa mwezi, 840,000. Jumlisha na zile hela za mafundi wawili wa mwanzo, 450,000 na milioni 3.2, na laki 9 ya injinia unapata milioni 19.89, kwenye nyumba ya milioni 32. Na ile ripoti, kurasa 11 na picha, ningekuwa nayo kabla ya kununua ningemwekea mwenye nyumba mezani nikamwambia vyumba vya nyuma havina msingi, tuongee bei upya au kwaheri. Laki 8 nilikataa kuitoa.

Kwa hiyo kwangu mimi sheria ni moja tu, hakuna shimo hakuna hela. Hata laki moja ya kushikia usitoe. Mwambie mwenye nyumba nataka injinia wangu achimbe pembeni ya msingi sehemu tatu, nitafukia mwenyewe nitarudisha kama ilivyokuwa. Mwenye nyumba nzuri atakuacha uchimbe, ni nusu siku ya kibarua mmoja na sululu. Akikataa, au akianza "kuna mteja mwingine anakuja kesho", umeshapata ripoti yako bure, ondoka. Injinia umtafute wewe, asiletwe na dalali wala muuzaji, na jina lake uliulizie Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama amesajiliwa. Mwambie unataka ripoti ya maandishi yenye sahihi na muhuri, maneno ya mdomo utamdai wapi.

Na watu wasikudanganye kwamba mambo haya ni ya maghorofa ya mjini. Lile ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, Dar, lililoanguka 2013 liliua watu 36 na kila mtu akashtuka, tukaongea wiki mbili, lakini nyumba ya chini ikimwangukia bibi mmoja kijijini hakuna gazeti linaloandika.

Hizo habari za hati ya kimila wapo humu wanaozijua kuliko mimi watakuja. Bei siwezi kukwambia, milioni 45 ya nini wakati hatujui chini kuna nini? Bati ndo kabisa usiliguse, utaweka bati jipya juu ya kenchi iliyoliwa na mchwa, panda kwanza na bisibisi. Na kama unaweza kwenda wakati wa mvua nenda wakati wa mvua. Fungua na funga kila mlango, sogeza kabati, sogeza kalenda ukutani, uliza mti gani ulikatwa na lini, uliza majirani siyo dalali, jirani wa kike mtu mzima ndo anajua kila kitu, kwangu mama mmoja wa nyumba ya pili aliniambia "ile nyumba kila masika wanaziba" lakini aliniambia miezi nane baada ya kulipa, kwa sababu sikumsalimia siku nilipokuja kununua.

Kingine, umeweka picha nne kwenye uzi wako. Ya tatu, ya upande wa nyuma, ivute kwa karibu. Kona ya chini ya dirisha la kulia kuna mstari wa plasta yenye rangi tofauti kidogo, unashuka mshazari kuelekea kwenye simtanki. Inawezekana ni kivuli. Waambie shimo la kwanza wachimbe hapo.